Neno Lililoteka Ndege

Dada yangu aliolewa siku ambayo mimi nilikuwa nimetekwa nyara, na mpaka leo kuna watu kwetu Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, wanaoamini kwamba nilitekwa kweli. Nimechoka kuwasahihisha. Wengine nimewaacha na imani yao, kwa sababu wakinikuta sokoni wananiamkia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa njia nyingine yoyote.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba yetu alipofariki alimwacha mama, akaniacha mimi, akamwacha na dada yangu mdogo. Kwa sisi Waislamu binti haozeshwi hivi hivi tu. Lazima awepo walii, mwanamume wa upande wa baba, amshike bwana harusi mkono mbele ya shehe na kumwambia nimekuoza. Baba akiwa hayupo, kwetu kazi hiyo iliniangukia mimi, kaka mtu. Na mimi nikikosekana, mtu aliyekuwa akinifuata ni baba mdogo. Hapo ndipo moto wetu ulipokuwa.

Baba mdogo hakumtaka bwana harusi. Alikuwa kijana wa Bukavu, upande wa Kongo, wa nyumba ya Wakristo wanaouza vitenge, anavuka daraja la Rusizi kila siku na marobota yake. Alikuwa amesilimu, anaswali, anafunga, lakini baba mdogo alishikilia kwamba kilichomsilimisha ni macho ya dada yangu. "Yule hakuja kuoa," alikuwa akisema barazani, kwa sauti ya kusikika mtaa wetu wote wa Gihundwe. "Yule ametudeturne mtoto."

Neno hilo nalieleza mapema, maana bila hilo mtu hataelewa kilichotupata. Ni la Kifaransa, lakini kwetu lilishavuka daraja zamani, likapewa uraia, likaoa na kuzaa. Mkubwa wa ofisi akila fedha za umma, Bukavu watasema amezideturne. Kijana akitoroka na binti wa watu, amemdeturne. Na redio ikisema ndege imedeturnewa, basi ndani yake mna majambazi wenye bunduki. Sijawahi kuliona neno hilo likiingia nyumbani kwa mtu na zawadi mkononi.

Baada ya maneno mengi shehe wa mtaa aliwakalisha wote chini, na baba mdogo akatoa kauli yake ya mwisho. "Kaka yake akija mwenyewe akaoza, mimi nafunga mdomo. Asipofika, walii ni mimi, na jibu langu mnalo." Ikapangwa Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Wageni wa Bukavu walitakiwa wawe wamesharudi ng'ambo kabla mpaka haujafungwa jioni, kwa hiyo nafasi ya kuchelewa haikuwepo. Na siku ya pili isingepatikana. Baba mdogo ukimpa usiku mmoja tu wa kufikiri, harusi hiyo angeizika.

Mimi nilikuwa Kigali, Nyamirambo, nachomelea mageti mchana na kusoma masomo ya jioni baada ya kazi. Mwezi ule ndio kwanza nilikuwa nimehitimu. Kiingereza changu kilikuwa kimeiva kiasi kwamba nilikuwa nakiota usingizini, ingawa ndotoni sikuwa naelewa wanachoniambia. Shehe akanipigia simu wiki ya harusi. "Kijana wangu, kama unaona mashaka ya safari, niwakilishe mimi, yaani nifanye wakili wako, nioze kwa niaba yako. Dini inaruhusu."

"Shehe," nikamjibu, "nitafika hata kwa kutambaa."

Nilikuwa nimemwahidi baba, siku zake za mwisho, kwamba mkono wa mume wa dada yangu nitaushika mimi mwenyewe. Alikuwa ameniuliza mara mbili, kwa sababu alinijua. Nyumbani maneno yangu yalikuwa yanapunguzwa bei kabla ya kununuliwa. Nilipokuwa mtoto nilirudi kutoka ziwani nikasimulia kwamba nimeona sambaza aliyebebwa na wanaume wanne. Sambaza, samaki anayelingana na kidole! Tangu siku hiyo mtu wa familia akitia chumvi anaambiwa, "Huyo naye kabebwa na wanne."

Siku mbili kabla ya harusi mvua ikanyesha kwenye msitu wa Nyungwe, katikati ya njia, mlima ukashuka barabarani, mabasi yakasimama. Ndiyo nikanunua tiketi ya ndege. Nilimpigia mama nikamwambia asihangaike, nitafika kabla chai ya asubuhi haijapoa.

*

Ilikuwa ndege ndogo ya mapangaboi, nyembamba hivi kwamba mtu mnene alitakiwa kuingia kwa awamu. Nilikuwa nimevaa kanzu, koti juu yake, na kofia nimeikunja mfukoni nisije nikaikalia. Pembeni yangu aliketi mama mmoja wa Bukavu, mwenye kitenge kipya kinachonukia duka, rozari shingoni na mkoba mkubwa mapajani. Alinitazama nikihangaika na mkanda.

"Papa, ni mara yako ya kwanza?"

"Hapana, Maman. Nimezoea."

"Njo maana umefunga mukanda yulu ya koti, yulu ya mufuko, na yulu ya mukono yako mwenyewe."

Nikautoa mkono. Akanipa pipi ya tangawizi, akasema ni ya kuzuia moyo usipande. Tukaruka, baada ya kucheleweshwa uwanjani mpaka jua likakaribia utosini.

Safari ya Kamembe kwa ndege ni fupi. Ukimaliza kuogopa kupanda unaanza kuogopa kushuka, katikati hamna nafasi ya kupumzika. Tulipofika juu ya Nyungwe mawingu yalikuwa yamejaa pande zote, meupe, mazito. Ndege ikaanza kutikisika kama kitanda cha mgonjwa wa malaria. Yule Maman akashika rozari, nami nikaanza kusoma Kulhuwallah. Tukawa tunasali bega kwa bega, kila mtu kwa njia yake, na wote tukiongeza kasi ndege ikidondoka na kupunguza ikitulia.

Ndege ikashuka. Nikaona tundu kwenye wingu, na ndani ya tundu kipande cha ziwa, kisha mabati ya Gihundwe yakimeta kwa maji. Naapa niliona paa letu, na turubai la harusi uani, na mama akiwa amesimama chini yake. Sawa, mama sikumwona. Turubai nililiona. Halafu wingu likafunga, injini zikanguruma, na badala ya kugusa lami tukajikuta tunapanda tena mgongo ukiwa umebanwa kitini.

Nikamuuliza muhudumu, kijana mtanashati mwenye tai, kilichotokea ni nini. Akasema rubani lazima auone uwanja kwa macho yake ndipo atue, na hajauona. Tutajaribu tena.

Tulijaribu tena. Safari hii hata tundu halikuwepo. Nilisikia magurudumu yakitolewa chini ya miguu yangu, kisha nikasikia yakirudishwa, na sauti ile ya kurudishwa ndiyo iliyonikata maini. Chini yangu, chini kabisa, shehe alikuwa anakunja mkeka wake wa swala, wageni wa Bukavu wanavua viatu mlangoni, na baba mdogo anatazama saa. Nilikuwa nimefika nyumbani. Nilikuwa juu ya nyumba yetu hasa, ningedondosha ufunguo ungeanguka uani. Na nilikuwa sijafika.

Hapo rubani akazungumza, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyezibwa pua. Masomo yangu yote ya jioni yakasimama wima kusikiliza. Nikashika mvua, nikashika Bujumbura, nikashika samahani. Yaliyobaki yalinipita. Muhudumu akasimama kutafsiri. Kwa Kinyarwanda alieleza vizuri kabisa: hali ya hewa ni mbaya, mafuta hayaturuhusu kuzunguka sana, tunakwenda kutua Bujumbura, pale ni karibu, tukasubiri mawingu yafunguke. Lakini ndani walikuwemo wafanyabiashara wengi wa Bukavu, na kwa hao kijana akaona aongeze Kifaransa. Sasa, huyu alikuwa mtoto wa shule za siku hizi, zile zilizohamia Kiingereza yeye akiwa bado na meno ya utoto. Kifaransa alikuwa nacho cha kuokoteza. Akatafuta neno la kubadilisha njia, akalipata moja, akalitamka kwa tabasamu na kwa ufasaha wote.

Ndege yetu, akasema, imedeturnewa.

Kisha Maman wangu akainuka na mkanda wake, karibu ang'oe kiti.

"Batudeturne! Yezu wangu, batudeturne!"

Nyuma yetu mwanamke mwingine akapiga yowe. Mzee mmoja akavua saa yake akaiingiza ndani ya soksi. Kijana muhudumu akarudia kwa upole zaidi, akifikiri hawakusikia vizuri: ndiyo, imedeturnewa, lakini msiwe na wasiwasi, tumeshazoea. Kule kuzoea ndiko kulikomaliza kazi.

"Maman, tulia," nikamwambia. "Ni mvua tu. Tunakwenda kusubiri Bujumbura."

"Mvua njo inadeturne ndege? Papa, weye umesoma?"

"Nimesoma, Maman. Jioni."

"Basi haukumaliza!" Akaniinamia sikioni. "Iko wapi? Yule mwenye bunduki, iko wapi?" Macho yake yakazunguka mpaka yakamkuta abiria mmoja mwenye miwani myeusi, aliyekuwa amelala mdomo wazi tangu Kigali. "Njo ile. Ona vile anajifanya analala."

Ningecheka. Siku nyingine ningecheka mpaka nitoke machozi. Lakini nilikuwa nahesabu kitu kimoja tu kichwani: adhuhuri, daraja, baba mdogo. Nilimwona akijikohoza, akisimama katikati ya watu na kusema walii hayupo, mimi ndiye walii, na mimi sitaki. Dada yangu angesikia akiwa chumbani, hina mikononi. Asingelia. Ni mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kungedumu maisha yangu yote.

*

Tukatua Bujumbura kwenye jua kali. Mvua kule haikuwa imesikika hata kwa jina. Mlango ukafunguliwa kidogo tupate hewa, lakini hatukuruhusiwa kushuka: tulitoka Kigali kwenda Kamembe, safari ya ndani ya nchi, na wengi wetu hatukuwa na karatasi ya kuingilia nchi ya watu, hata kama miaka ile tulikuwa bado tunapitiana bila kununiana. Tukakaa mle tukiiva. Askari wa uwanja alikuja akasimama karibu na ngazi, na alikuwa na bunduki kama askari wote. Maman akanibana mkono.

"Si nilikuambia?"

Nikatoa simu. Haikushika mtandao, ilinionyesha ishara ya kutafuta tu, ikazunguka na kuzunguka. Nikamwomba muhudumu, na yake vilevile. Rubani alikuwa anaongea na watu wa uwanja, hakuna aliyejua tutaondoka lini. Koti nililivua, kanzu ilikuwa imenishika mgongoni. Nilijaribu kupiga hivyohivyo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina mtu.

Lakini mfanyabiashara wa Bukavu haendi mahali na laini moja. Maman alifungua mkoba, akatoa kijisimu kidogo kilichofungwa kwa mpira, akatoa na kipakiti cha laini: ya Kongo, ya Rwanda, ya Burundi. Akaweka ile ya Burundi, akapiga, na simu ya upande wa pili ikapokelewa papo hapo. Alizungumza kwa sauti ya kusikika bila simu.

"Allo! Mutoto yangu! Batudeturne! Tuko Bujumbura, beko na bunduki, siwezi kusema sana! Musiningojee! Mufanye harusi, mufunge ile ndoa, mama yako mukubwa amewabariki! Mutuombee—" Akakata mwenyewe, kwa sababu askari alikuwa amegeuka kumtazama.

Nikamgeukia.

"Maman. Harusi gani?"

"Ya mutoto wa mudogo yangu. Leo, kule Kamembe. Alienda kuoa kwa Baislamu." Akajifuta macho. "Binti muzuri, lakini iko na baba mudogo moja mubaya sana."

"Namjua," nikasema.

"Unamujua namna gani?"

"Ni baba mdogo wangu. Mimi ndiye kaka wa bibi harusi. Mimi ndiye walii."

Aliniangalia kuanzia kofia iliyochungulia mfukoni mpaka kwenye viatu. Nadhani alikuwa anategemea mtu mrefu zaidi.

"Weye njo walii?"

"Ndiyo mimi."

"Na uko hapa?"

"Maman, si unaniona."

"Yezu wangu," akasema, safari hii polepole. Akaniwekea simu kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake yote miwili. "Piga. Harakisha. Inite ni kidogo." Inite ndiyo salio, kwa wasiojua lugha yetu ya madukani, na kidogo cha Maman kilikuwa kidogo kweli.

Nikaipiga namba ile ile aliyoipiga yeye, ya bwana harusi. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Nikamtazama Maman, naye akaanza rozari upya kutoka mwanzo.

Kilichokuwa kinaendelea upande wa pili nilikuja kusimuliwa na kila mtu aliyekuwepo, na hata na baadhi ya ambao hawakuwepo. Bwana harusi alikuwa ameketi mkekani mbele ya shehe. Simu ya mama yake mkubwa ilipoingia aliipokea hapo hapo, akasikia, akageuka rangi, akatamka neno moja tu: "Imedeturnewa." Wanawake walioko jikoni wakaacha miiko. Mama yangu alitoka nje akaangalia juu, kwenye lile wingu ambalo ndege ilikuwa imenguruma ndani yake mara mbili na kwenda zake, akaketi chini kwenye tope na nguo zake za harusi. Baba mdogo alisimama. Watu wakangoja aseme lile lililotarajiwa. Hakusema. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka paji la uso kwenye tofali.

Halafu simu ikaanza kuita tena mkekani, namba ile ile ya Burundi.

"Msiguse!" baba mdogo akapiga kelele kutoka ukutani. "Hao ni wenyewe! Ukipokea wanajua mlipo!"

"Wanataka nini kwetu?" akauliza mtu.

"Watataka kitu! Watekaji wote wanataka kitu!"

Simu ikatetemeka mkekani, na wanaume wazima wakasogeza miguu kana kwamba ni nyoka. Ikanyamaza. Ikaita. Ikanyamaza. Nilipopiga mara nyingine, na mimi kule nikiwa nimeshaanza kuongea na Mungu kwa lugha zangu zote nne, shehe akanyoosha mkono, akasema bismillahi, akaipokea na kuweka spika.

"Nani?"

"Shehe! Ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi! Walii! Ndege imeshindwa kutua kwa mvua, tuko Bujumbura salama, shehe, nakuwakilisha—"

"Subiri." Sauti yake ilikuwa nzito. "Tumeambiwa mmetekwa. Uwakili wa mtu anayelazimishwa hauswihi. Lazima nijue kwamba ni wewe, na kwamba unasema kwa hiari yako."

"Shehe, salio linaisha!"

"Hata anayelazimishwa angesema hivyo," ikasikika sauti ya baba mdogo.

"Tuambie," shehe akasema. "Ndani ya ndege hiyo mko watu wangapi?"

Nilikuwa nimekusudia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kutoa jibu kavu la kweli. Nilizigeukia safu za viti nizitazame vizuri. Lakini nilikuwa na joto, nina hofu, na mdomo wangu ni kama mbuzi, ukiona lango wazi umetoka.

"Kama elfu mbili hivi, shehe! Na wengine wamesimama!"

Nilifikiri laini imekatika. Nilimwona Maman amefungua mdomo akinitazama. Kisha nikasikia kicheko, mbali, cha mwanamke mmoja, halafu sauti ya dada yangu kutoka chumbani, mahali ambapo bibi harusi hatakiwi kupaza sauti siku hiyo:

"Ndiye! Wallahi ndiye! Angekuwa ameshikiwa bunduki angesema ukweli!"

Uwanja mzima wa harusi ukalipuka. Nilikuwa nasikia makofi, nasikia mtu akisema "kabebwa na wanne!", na mimi napiga kelele juu ya kelele zao: "Shehe, nisikilize! Mimi, kwa hiari yangu, nimekuwakilisha umuoze dada yangu kwa kijana huyu, kwa mahari tuliyokubaliana, mbele ya mashahidi walioko hapo!" Niliyasema yote, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi na kuuliza, "Umesikia, shehe?"

Nikaiangalia simu. Ilikuwa imeandika kwamba salio limekwisha.

"Imekatikia wapi?" Maman akauliza.

"Sijui."

"Basikia, ao habakusikia?"

"Maman, sijui."

*

Muda uliofuata ndio mrefu kuliko wowote niliowahi kuishi. Hakukuwa na mahali pa kununua salio, kwa kuwa hatukuruhusiwa kushuka. Maman alimwita askari kwa ishara, akitaka kumtuma, lakini askari akasogea mbali kidogo, nadhani kwa kumwogopa. Jua likahama kutoka dirisha la upande wangu kwenda la upande wa pili. Yule mwenye miwani myeusi akaamka, akauliza kama tumefika Kamembe, na watu walivyomgeukia kwa pamoja akarudi kulala.

Niliyarudia maneno yangu kichwani nikijaribu kukisia mkato. Kama imekatika kwenye "mimi", nimekwisha. Kwenye "kwa hiari yangu", nimekwisha vilevile. Ilitakiwa ifike walau kwenye "nimekuwakilisha". Na hata ikifika hapo, shehe mmoja peke yake angewezaje kusimama mbele ya baba mdogo na wazee wengine na kusema amesikia, katikati ya kelele zile? Nilitamani nirudishe elfu mbili zangu. Kama ningejibu kawaida wasingecheka, wasingepiga makofi, yangesikika yote.

"Usilie, Papa," Maman akasema.

"Silii. Ni jasho."

"Jasho ya macho," akasema, akanipa pipi ya mwisho ya tangawizi.

Hatimaye injini zikawashwa. Muhudumu akatangaza kwamba Kamembe kumefunguka. Alitangaza kwa Kinyarwanda na Kiingereza. Kwa Kifaransa alitabasamu tu na kuonyesha kwa kidole.

Tukaruka, tukafuata bonde la Rusizi, mashamba ya mpunga ya Bugarama yakiwa yamejaa maji ya kung'aa, na ziwa likatokea lote, safi, bila aibu. Magurudumu yakagusa lami. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshasimama, mkanda sijui niliufungua saa ngapi, na Maman nyuma yangu ananisukuma kwa mkoba: "Enda! Enda! Mimi nitakuya!"

Nilipata pikipiki nje ya uwanja. Nikamwambia dereva akimbie, akakimbia, na tope la Kamembe likanipaka kanzu mpaka kifuani. Jioni ilikuwa inaingia. Njiani tukapishana na gari lenye watu waliovaa vizuri likielekea Rusizi, na sikuweza kuona nyuso zao kama zinacheka au zimenuna. Nikamwambia dereva asimame. Halafu nikamwambia asisimame.

Nyumbani kwetu kuna jambo moja ambalo mama hajawahi kulivunja. Siku ya harusi masinia ya pilau yanakaa yamefunikwa, na hakuna mkono unaogusa kifuniko mpaka ndoa ifungwe, hata wageni wafe njaa. Kwa hiyo niliposhuka langoni sikutafuta shehe, sikutafuta bwana harusi. Nilitafuta masinia.

Langoni, kwenye mkeka, alikuwa ameketi baba mdogo peke yake. Mbele yake palikuwa na sinia. Mdomo wake ulikuwa unatafuna.

Nilisimama pale na tope langu.

Baba mdogo alimeza, akanitazama kwa muda mrefu, kichwa mpaka miguu, kama anayehakikisha kwamba nimerudi na vipande vyote. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama akatokea na jagi la maji ya kunawa, akaniona, hakupiga kelele. Aliniwekea mkono shavuni, ukiwa umelowa, akaniambia kwa sauti ndogo:

"Ilikatika ulipofika 'nimekuwaki'. Shehe akauliza kama kuna aliyelisikia neno likimalizika. Watu wote kimya." Akageuza uso kumtazama shemeji yake. "Huyu akasema, 'Mimi nimesikia. Amesema yote.'"

"Nilisikia," baba mdogo akasema, bila kututazama. "Mimi masikio yangu ni mazima."

Alikuwa ameupinga mkono wa kijana yule tangu siku ya kwanza, na neno moja tu la "sikusikia" lingemtosha.

"Nilidhani nyumba ya kaka yangu imefungwa," akasema, akiichokoa pilau kwa vidole. "Pale ukutani. Nilidhani ndiyo basi." Kisha akakohoa kikohozi chake cha barazani, akasogea upande mmoja wa mkeka kunipa nafasi. "Elfu mbili?"

"Na wengine wamesimama, baba mdogo."

"Kaa ule," akasema. "Nyama wameniwekea kidogo. Vipande mia tatu tu."